Kutunza Monstera Nyumbani, na Hatari ya Maji ya Kisahani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za mmea ambao siku hizi waonekana katika nyumba nyingi za mjini na za pembezoni mwa mji, yaani monstera, ule wenye majani mapana yaliyotoboka na kupasuka kana kwamba yamekatwa kwa mkasi.

Huenda mzee mmoja akacheka, akasema: "Miti imetuzunguka pande zote, ya nini kuleta majani ndani ya nyumba?" Neno lake si baya. Lakini tukumbuke kwamba nchi yetu nayo imewapa watu wa mbali mmea wa nyumbani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga zama za Wajerumani, aliona ua dogo la zambarau katika nchi ya Usambara, akapeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani. Baadaye ua hilo likaenea madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Wenyeji wa huko walilitunza likastawi kwa sababu walijua asili yake, ya kuwa ni ua la kivulini, wala si la jua kali. Nasi kwa monstera yatupasa kuanza hapo hapo, kuuliza kwanza: mmea huu kwao ni wapi?

Kwao ni misitu ya mvua iliyo kusini mwa Meksiko hata Panama. Huko hauoti peke yake uwandani, bali hupanda juu ya miti mikubwa, ukishika magome kwa mizizi itokayo katika shina lake. Nuru huufikia ikiwa imechujwa na majani ya miti. Mvua hunyesha mara nyingi, lakini maji hupita upesi katika majani makavu yaliyooza, hata mizizi hupata maji na hewa pamoja. Nao ni wa jamii moja na magimbi yetu. Ila gimbi hustahimili tope la bondeni, na monstera haiwezi. Basi shikeni jambo hili moja kuliko yote tutakayosema: monstera ya nyumbani huuawa na maji mengi mara nyingi zaidi kuliko kiu, na maji yale yale yaiuayo yaweza kumdhuru mwenye nyumba.

Tuanze na nuru. Weka chungu karibu na dirisha, mahali palipo na mwanga mwingi lakini pasipopigwa na jua la adhuhuri wala la alasiri. Dirisha la mashariki ni jema, kwa kuwa jua la asubuhi ni pole. Kumbuka pia kwamba kwetu jua hubadili upande: wakati wa kusi, mwezi wa Juni na Julai, huelekea kaskazini, na wakati wa kaskazi, Desemba na Januari, huelekea kusini, kwa hiyo chungu kilichokuwa kivulini miezi sita iliyopita huenda leo kinaungua. Ukitaka kupima, nyoosha mkono wako juu ya mmea wakati wa mchana. Kivuli kikionekana kwa wepesi, ncha zake zisiwe kali, mahali hapo panafaa. Kisipoonekana kabisa, ni giza mno. Mmea wenyewe nao hutoa ushahidi: ukiwa mkubwa, na majani mapya yakatoka madogo yasiyo na matundu, unaomba nuru, yakipata mabaka makavu ya rangi ya kahawia upande wa jua, unaomba kivuli.

Pili, udongo na chungu. Udongo wetu mahali pengi ni kichanga, hupitisha maji lakini hauna nguvu. Changanya mafungu mawili ya udongo mweusi wa shambani, fungu moja la mchanga mnene, na fungu moja la usumba wa nazi, kisha utie konzi chache za chenga za makaa na samadi iliyokwisha kuoza vizuri. Usumba uoshe kwanza kwa maji safi mara mbili au tatu, maana huenda una chumvi. Wala mtu asiende kuchimba udongo katika misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Misitu hiyo inalindwa na sheria, na faida yake ni ya wote. Chungu chochote chafaa, cha udongo au ndoo kuukuu, maadamu kina matundu chini. Chungu kisicho na tundu ni kaburi la mmea. Katikati simika mti uliozungushiwa kamba ya usumba, mmea upate pa kupandia. Na mizizi itokayo katika shina usiikate, bali ielekeze kwenye mti huo au udongoni.

Tatu, maji. Watu wengi huuliza: "Nimwagilie mara ngapi kwa juma?" Hatuwezi kujibu kwa kuhesabu siku, kwa kuwa siku za masika si sawa na siku za kaskazi. Mwulize udongo. Tia kidole chako mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, acha. Ukikuta pakavu, mwagilia polepole mpaka maji yatoke chini, kisha usitie tena hata siku utakapokuta pakavu. Majani yakiwa manjano na udongo umelowa, usidhani mmea una kiu ukaongeza maji. Mizizi yake inakosa hewa na imeanza kuoza. Ung'oe, kata mizizi iliyo laini na yenye harufu mbaya, uupande katika udongo mpya. Kama maji ya kisima chako yana chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya Dar es Salaam, ncha za majani zitakauka. Yafaa kukinga maji ya mvua, na pipa lake lifunikwe barabara. Vumbi la barabarani nalo lifute kwa kitambaa chenye maji matupu, bila mafuta.

Sasa twafika penye neno zito. Chini ya chungu huwekwa kisahani ili sakafu isichafuke, na maji hubaki humo. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, mji wa Dar es Salaam ulipatwa na homa ya dengue, iitwayo pia kidingapopo. Watu wengi waliugua homa kali, kuumwa na kichwa, na maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho. Na wengine walikufa. Aiambukizaye si mbu wa malaria aumaye usiku. Ni mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, naye huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, hata chandarua cha usiku hakitoshi kumkinga mtu. Mbu huyo hapendi kinamasi. Hupenda maji machache yaliyotuama karibu na watu, katika tairi, kopo, pipa, na kisahani cha maua.

Tena ana hila. Hutaga mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yaweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa. Maji yakirudi, huanguliwa, na kwa joto la pwani mbu mzima hupatikana kwa muda wa juma moja au siku kumi hivi. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila umwagiliapo, ngoja nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki katika kisahani; na mara moja kila juma kisugue kwa brashi na sabuni, pande zote, ili mayai yang'oke. Au jaza kisahani mchanga hata ukingoni, maji yasipate pa kutuama. Na mtu akishikwa na homa ya namna hiyo, apelekwe hospitali apimwe, wala asimeze aspirini kwa kubahatisha, kwa maana yaweza kuzidisha kutoka damu.

Hatari nyingine ni utomvu wa mmea wenyewe. Mnajua jinsi gimbi bichi linavyowasha koo. Sababu yake ni fuwele ndogo mno, zenye ncha kama sindano, zilizomo ndani yake; nazo zimo katika jani na shina la monstera vile vile. Basi chungu kiwe mbali na mtoto atambaaye, na mbuzi, na paka. Mtoto akitafuna jani, mtoe vipande kinywani, msukutue kwa maji, mpe maji au maziwa kidogo, wala usimlazimishe kutapika. Midomo au ulimi ukivimba, au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali upesi.

Mwisho, kuzidisha mmea. Jirani akikupa kipande, tazama kama kina kifundo, yaani pale katika shina jani na mzizi vitokapo. Kipande chenye kifundo kitachipua. Jani peke yake, hata likiwa zuri namna gani na likitoa mizizi ndani ya maji, halitatoa chipukizi kamwe. Basi usinunue jani lililochomekwa udongoni ukadhani umenunua mmea. Ukiotesha kipande ndani ya chupa ya maji, badili maji kila siku ya tatu, uisugue chupa, na kinywa chake ukizibe kwa kitambaa, maana chupa nayo ni nyumba ya mbu.

Ninyi wanafunzi, kazi ya kukagua visahani, chupa na mapipa nyumbani yawafaa sana, maana macho yenu ni makali na viluwiluwi ni vidogo. Chagueni siku moja ya juma, iwe ile ile daima, mzunguke nyumba nzima mkiwa na brashi, kisha mpite na kwa jirani, kwa kuwa mbu hajui mpaka wa kiwanja. Mmea mmoja ukitunzwa hivyo utapendeza miaka mingi, na nyumba itakaa salama.