Utunzaji wa Motaboti: Mafuta, Injini na Usukani

(Maneno ya hotuba kwa manahodha na mabaharia wa Shimanzi, Mombasa)



Nia yangu ni kusema nanyi habari za utunzaji wa motaboti. Neno langu ni moja tu: injini izimayo katikati ya mkondo, aghalabu ugonjwa wake ulianza zamani gatini, na dalili zake zilikuwapo, ila hapakuwa na mtu wa kuziangalia.

Sisi wa Shimanzi yatupasa kulijua jambo hili kuliko wengine. Maji yaliyo mbele yetu ni ya Kilindini, na jina lenyewe latuambia kuwa ni maji ya kina. Meli kubwa hupita humo, na meli yenye shehena haiwezi kusimama ghafula kwa ajili ya mashua iliyokwama njiani. Siku za bamvua maji hupanda na kupwa zaidi ya mita 3, na yakipwa hutoka kwa nguvu kupita Likoni kuelekea mwambani. Nahodha wa jahazi alikuwa na tanga lake. Lakini motaboti isiyo na tanga, injini ikizima, huwa kama gogo linalochukuliwa na maji.

MAFUTA

Nitaanza na mafuta, kwa kuwa Shimanzi ni mahali pa mafuta. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hushuka na kukaa chini. Ndiyo sababu katika matangi makubwa ya kuwekea mafuta, maji huondolewa upande wa chini. Tangi dogo la mashua lina tabia ile ile. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Tangi likilala nusu tupu, nalo likapoa usiku, unyevu ule hugeuka jasho katika kuta zake za ndani na kudondoka chini, tone baada ya tone.

Siku za shwari maji hayo hukaa kimya, nahodha asijue kuwa yako. Siku ya kusi, chombo kikiyumba, huvurugika na kuvutwa mpaka injini. Basi injini huzima wakati ule ule unapoihitaji sana. Watu husema ni bahati mbaya. Kumbe si bahati, ni maji yaliyongoja wiki nyingi.

Dawa yake ni rahisi. Jioni lijaze tangi, ukiacha nafasi kidogo kwa kuwa mafuta hutanuka kwa joto. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kizibo cha chini ya chujio la kutengea maji, ukinge mafuta kidogo katika chupa nyeupe, uyaache yatulie. Ukiona tabaka chini, hayo ni maji. Endelea kutoa mpaka yaje mafuta matupu. Katika dizeli, maji hayo hustawisha pia vijidudu vinavyofanya utelezi mweusi wa kuziba chujio. Chujio likichafuka, libadilishe.

Kadhalika tazama tundu la hewa katika kifuniko cha tangi. Likiwa limefungwa, mafuta hayashuki, na injini hufa polepole kana kwamba imeharibika, hali haina ubaya wowote.

Petroli ina hatari nyingine. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa; haupai juu, bali hushuka ngamani, ukakaa huko bila kuonekana, ukingoja cheche moja. Wazee walisema, Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Basi kila asubuhi, marejeo yako yawe huko: funua mbao, nusa, acha upepo upite, ndipo uwashe. Debe la petroli lijazwe nchi kavu, abiria wakiwa mbali, wala pasiwepo sigara.

INJINI

Injini nyingi za mashua hupozwa kwa maji ya bahari. Maji hayo huvutwa na pampu yenye gurudumu dogo la mpira. Mpira ule ukikauka au ukikatika, maji hayapiti, na injini huungua kwa muda mfupi. Mara tu uwashapo, tazama nyuma: maji yanatoka kwa nguvu? Yakiwa haba, zima papo hapo. Huenda ni mfuko wa nailoni au majani yaliyoziba mahali pa kuvutia maji.

Ukirudi, isafishe injini kwa kuipitishia maji matamu, kwa sababu chumvi hugandamana ndani ya njia za maji. Pima oili kila siku. Oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imeingiliwa na maji, wala injini hiyo isitoke.

Tazama pia kipande cha zinki kilichofungwa karibu na rafadha. Mwaka 1824 mtaalamu Mwingereza Humphry Davy alionyesha kuwa madini dhaifu yakiunganishwa na madini mengine baharini, huliwa yale dhaifu na mengine yakasalimika. Zinki ikiliwa nusu, weka mpya. Usiipake rangi, kwa maana rangi huizuia kufanya kazi yake.

USUKANI

Usukani huonya kabla ya kukataa. Ukiwa mzito kuliko jana, yaelekea waya umeanza kushika kutu ndani ya ala yake. Ukiwa wa mafuta, nao ukalegea mkononi, tafuta panapovuja. Kabla ya kufungua kamba, uzungushe mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, na mtu mwingine atazame tezini kama unaitika. Kaza nati, tia grisi. Tena chukua kana, yaani mkono wa usukani, wa akiba, au kasia refu la kuongozea chombo, waya ukikatika.

KABLA YA KUONDOKA

Gawanya mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na moja la akiba. Nanga iwe tayari na kamba yake, kwa maana injini ikizima, nanga ndiyo itakayokuzuia usifike mwambani. Kila abiria awe na jaketi la kuokolea.

Wako wasemao kwamba kazi hizi zapoteza wakati, na abiria wanangoja. Kazi yote niliyoitaja ni ya dakika chache, na gurudumu la mpira si kitu cha bei kubwa. Abiria akipanda chomboni hawezi kukagua chujio wala waya, amekuamini wewe. Basi ugonjwa wa chombo tuutafute gatini, mahali ambapo fundi yupo na nchi kavu ipo, tusingoje bahari itutafutie.