Rojo Tamu na Kali kwa Mabawa ya Kuku

Kuku akichinjwa nyumbani, paja, kidari na firigisi vina wenyewe. Bawa huachiwa watoto, maana wakubwa hulihesabu kuwa ngozi na mifupa tu. Jioni hii nataka kuwaeleza namna ya kupika rojo la ukwaju, sukari guru na pilipili, ambalo likipakwa juu ya bawa lililochomwa, hata wakubwa watalinyoshea mkono.

Ukwaju mnaujua. Waarabu waliuita tende ya Hindi, lakini asili ya mti wenyewe ni hapa Afrika. Pilipili kali ndiyo mgeni: ilitoka bara la Amerika, wala haikujulikana pande hizi kabla ya merikebu za Wareno kufika.

Kwa kilo moja ya mabawa, twaeni ukwaju gramu 100, mwuroweke katika maji ya moto nusu lita kwa muda wa nusu saa. Kisha uvugeni kwa vidole mpaka nyama yake iachane na kokwa, mchuje. Pondeni katika kinu punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kiasi cha kidole gumba, na pilipili kali nyekundu 3. Wekeni sufuria juu ya moto mdogo, mtie vijiko vikubwa 2 vya mafuta, mkaange hivyo vilivyopondwa mpaka vinukie, lakini visigeuke rangi. Msiiruke hatua hii, kwa sababu ukali wa pilipili hauyeyuki vema katika maji, bali huyeyuka katika mafuta, na mafuta ndiyo yatakayoueneza katika rojo lote. Ndiyo maana pia mtu aliyeungua ulimi kwa pilipili hapati nafuu kwa maji, afadhali anywe maziwa.

Sasa mimineni ukwaju, mtie sukari guru gramu 100 iliyoparuzwa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Acheni litokote polepole kwa dakika 15 au 20, huku mkikoroga, mpaka rojo lishike mgongo wa mwiko. Liepueni lingali jepesi kidogo, kwa kuwa likipoa litazidi kuwa zito. Wako wanaotia unga ili liwe zito upesi. Mimi siupendi, maana huficha ladha ya ukwaju. Onjeni: likiwa chachu mno, ongezeni sukari guru, likiwa tamu mno, kamulieni ndimu.

Angalieni sufuria. Sufuria ya shaba isiyotiwa bati haifai kabisa, kwa kuwa uchachu hula shaba, na shaba hiyo humdhuru mlaji. Tena aliyeshika pilipili anawe kwa sabuni kabla hajamgusa mtoto wala jicho lake mwenyewe.

Basi twende kwenye makaa, ambako ndiko watu wengi huharibu kazi. Hulipaka bawa rojo lingali bichi, wakaliweka motoni. Sukari huungua upesi sana kuliko nyama kuiva: baada ya dakika chache bawa limekuwa jeusi, mpishi hudhani limeiva, na kumbe penye mfupa bado pana damu. Nyama mbichi ya kuku huweza kuwa na vijidudu vya kuharisha, na mtoto mdogo akiharisha na kutapika maji humwishia mwilini upesi, hata akaweza kufa. Vijidudu hivyo hufa nyama ikipata joto la nyuzi 74 za Sentigredi mpaka ndani.

Kwa hiyo tieni mabawa chumvi tu, myachome juu ya makaa yasiyo na ndimi za moto, mkiyageuza, kwa dakika 25 hivi. Kuku wa kienyeji aliyekomaa achemshwe kwanza hata alainike. Toboeni penye kiungo. Maji yanayotoka yakiwa meupe pasipo wekundu, na nyama ikiachana na mfupa, ndipo mpake rojo, na dakika 5 za mwisho zatosha.

Tena ligawanyeni rojo katika bakuli mbili kabla ya kuanza kupaka. Moja ni ya kupakia, nyingine ni ya mezani, na ile brashi au unyoya uliogusa kuku usiingie katika bakuli ya mezani hata mara moja. Kadhalika sahani iliyochukua kuku mbichi isipokee kuku aliyeiva mpaka ioshwe kwa sabuni.

Asiye na jokofu asipike zaidi ya litakaloliwa leo na kesho. Rojo lililobaki katika bakuli ya kupakia litupwe. Lile la mezani ni zuri pia kwa muhogo wa kuchoma.