Kidonge cha lehemu na moyo uliotanuka



Leo naongelea vidonge vya kushusha lehemu, ambavyo madaktari huviita statini. Kwenye boksi utasoma atorvastatini au rosuvastatini. Mitaani vimeshapewa jina la dawa ya moyo, na jina hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mgonjwa moyo umetanuka, miguu imevimba, usiku halali mpaka aegemezwe kwa mito, akitembea hatua chache anahema. Ndugu zake wanasikia kuna kidonge cha moyo, wanauza mbuzi, wanakwenda kukinunua. Wakirudi na statini peke yake, wamepata dawa nzuri ya ugonjwa mwingine.

Kwamba ni dawa nzuri, halina ubishi. Mwaka 1973 mtafiti wa Japani, Akira Endo, baada ya kupima maelfu ya aina za ukungu, alipata kemikali inayolizuia ini kutengeneza lehemu. Mwaka 1994 utafiti uliofanywa nchi za Skandinavia kwa wagonjwa 4,444 wenye maradhi ya mishipa ya moyo ulionyesha kuwa simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Ushindi huo ukawafanya madaktari waulize: je, moyo ambao tayari umeshindwa kusukuma damu, nao hautapata nafuu?

Sababu za kutumaini zilikuwepo. Statini hutuliza mchochota ndani ya mishipa, na rekodi za hospitali zilionyesha kwamba wagonjwa wa moyo ulioshindwa waliokuwa wakizimeza waliishi muda mrefu zaidi. Wengine walihofu. Waliona kwamba katika ugonjwa huu wenye lehemu ya chini ndio wanaotangulia kufariki, na kwamba dawa hii hupunguza pia koenzaimu Q10, ambayo misuli huihitaji ili kupata nguvu. Ubishi wa aina hiyo hauishi kwa maneno.

Basi ukapimwa. Utafiti wa CORONA, uliotolewa mwaka 2007, ulichukua wagonjwa 5,011 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ambao mioyo yao iliharibiwa na mishipa kuziba. Nusu walipewa rosuvastatini, nusu kidonge kisicho na dawa. Lehemu mbaya ilishuka karibu nusu, lakini vifo vilikuwa 728 upande wa dawa na 759 upande wa pili, tofauti ndogo isiyoweza kuitwa ushindi. Waliotumia dawa walilazwa mara chache kidogo. Mwaka uliofuata Waitalia, katika utafiti wa GISSI-HF, walipima watu 4,574 ambao moyo wao ulishindwa kwa sababu yoyote ile, wakawafuatilia karibu miaka minne. Waliofariki walikuwa asilimia 29 kwa waliopewa statini, na 28 kwa wasiopewa. Dawa haikuwadhuru, na haikuwaokoa.

Kisima cha pampu kikikatika mkono, hata ukisafisha bomba lote maji hayatapanda. Ndivyo ilivyo kwa msuli wa moyo uliokwisha kulegea.

Sasa turudi nyumbani Tanzania, maana hapa ndipo jambo linapokuwa letu. Watafiti wa hospitali ya Muhimbili walichunguza wagonjwa 427 wa moyo ulioshindwa, na matokeo yao yakatolewa mwaka 2014. Wastani wa umri ulikuwa miaka 55, watu wenye nguvu za kulima na watoto wa kusomesha. Chanzo kikubwa kilikuwa presha, asilimia 45. Wengine msuli wa moyo wenyewe ulikuwa unaumwa, wengine valvu ziliharibika kutokana na homa ya baridi yabisi ya moyo, ambayo huanzia kwenye koo la mtoto lisilotibiwa. Walioharibiwa na mishipa kuziba walikuwa asilimia 9 tu. Kwa maneno mengine, lehemu ambayo statini inaifukuza siyo iliyowaangusha wengi wao.

Wapo pia kina mama ambao moyo hulegea mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua. Mayu, yaani mama, akivimba miguu na kukosa pumzi wakati analea mtoto mchanga, watu husema ni uchovu wa uzazi. Tafadhali msisubiri; apelekwe hospitali akapimwe eko ya moyo, hata kama ni rufaa ya kutoka hapa Simiyu, kupitia Lamadi, mpaka hospitali ya Bugando.

Dawa zinazorefusha maisha ya wagonjwa hawa zipo, na baadhi ni za zamani na za bei nafuu. Spironolaktoni, katika utafiti uliotolewa mwaka 1999, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa wagonjwa waliozidiwa. Ipo enalaprili, ipo karvediloli. Zinahitaji daktari apime figo na potasiamu kwenye damu, na zinahitaji kumezwa kila siku, hata uvimbe ukiisha. Fedha ya mbuzi ingeanzia hapo.

Nisieleweke vibaya. Kama uliwahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, au una kisukari, na daktari amekuandikia statini, endelea nayo. Inalinda mishipa yako, na hiyo ni kazi yake halali. Usiiache kwa sababu umesikia redioni.

Na wewe ndugu yangu wa duka la dawa, nakuomba sana. Mtu akija bila cheti, miguu imevimba, anaulizia dawa ya moyo, usimuuzie kitu. Muulize kama anaweza kulala chali bila kukosa pumzi. Akisema hawezi, mwitie bodaboda, aende kituo cha afya saa hiyohiyo.