Mtutu, Marisawa na Umbali: Mazungumzo na Wamiliki wa Bunduki Vijijini



Mahindi yanapokomaa, nyani na nguruwe-pori huingia mashambani, na bunduki zinazomilikiwa kihalali hutolewa kabatini. Miongoni mwazo zimo shotigani, ambazo hazitoi risasi moja bali marisawa mengi kwa mkupuo. Mwenye shotigani anapaswa kujua mambo mawili kabla ya kulenga: marisawa yatakuwa yametawanyika kiasi gani yatakapomfikia mnyama, na yatakayomkosa yataelekea wapi.

Mtawanyiko huo hutegemea mdomo wa mtutu. Tundu la shotigani ya geji 12 lina kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Watengenezaji hulibana karibu na mdomo, na mbano huo huitwa choki. Ipo mitutu isiyobanwa kabisa, iliyobanwa takribani robo milimita, iliyobanwa nusu milimita, na ile ya mbano kamili, unaokaribia milimita moja. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini kwenye shabaha ni kubwa.

Kipimo kilichozoeleka ni duara lenye upana wa sentimita 76, likiwa umbali wa mita 36 na nusu. Mtutu usiobanwa huingiza humo takribani asilimia 40 ya marisawa. Wa robo milimita, asilimia 50. Wa nusu milimita, asilimia 60. Na wa mbano kamili, asilimia 70. Kwa mita 18, marisawa ya mtutu usiobanwa huwa yametanda upana wa sentimita 80 hivi, ilhali ya mbano kamili hayazidi sana sentimita 40.

Kwa hiyo mbano kamili hauwi bora kila mahali. Kwa karibu, marisawa husongamana mno na ni rahisi kumkosa mnyama. Kwa mbali, mtutu usiobanwa huacha mapengo, mnyama akajeruhiwa tu, na nguruwe-pori aliyejeruhiwa ni hatari kwa yeyote atakayekutana naye vichakani.

Lililo zito zaidi ni hili: choki hukusanya marisawa, haiyazuii. Hata kwa mbano kamili, takribani marisawa 30 katika kila 100 hupita nje ya duara lile. Marisawa madogo yaweza kuruka zaidi ya mita 200, na makubwa zaidi ya mita 500. Nyuma ya shamba huenda ipo njia ya watoto waendao shule, au kisima.

Mmiliki makini hupima bunduki yake katika eneo la shabaha lililoruhusiwa, kwa karatasi pana na kwa risasi zilezile azitumiazo, kisha huhesabu matundu. Akiona mapengo kwa mita 30, hapo ndipo ulipo mpaka wake.

Aidha, kibali cha silaha chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 si leseni ya kuwinda. Uwindaji huongozwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwenye shamba lililovamiwa atoe taarifa mapema kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ili Afisa Wanyamapori wa Wilaya ajulishwe.

Maji yakimwagika hayazoleki. Marisawa nayo, yakishatoka mtutuni, hayarudi.