Miezi ya Kwanza ya Kazi



Tumeombwa tuzungumze katika mkutano huu wa mwaka juu ya kijana aanzaye kazi mpya. Kila mwaka twashangilia mtoto wetu apatapo kazi Nairobi. Lakini kupata kazi ni jambo moja, na kudumu nayo ni jambo jingine.

Baba na babu zetu waliianza kazi kwa uchungu. Kuanzia mwaka 1920 hivi mwanamume Mwafrika katika Kenya alilazimishwa kuchukua kipande, nacho kilitiwa ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Humo ziliandikwa habari za kazi yake na mshahara wake, na aliyeondoka bila ya kutiwa sahihi na bwana wake aliweza kushitakiwa kuwa ametoroka. Kijana wa leo hana kikopo shingoni. Jina lake hulijenga mwenyewe, na msingi wake huuweka katika miezi ya kwanza.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba muda wa majaribio usizidi miezi 6. Waweza kuongezwa kwa ridhaa ya mfanyakazi, lakini wote pamoja usipite miezi 12. Katika muda huo mkataba waweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 7 tu. Siku saba, ndugu zetu! Ni chache mno kwa mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa.

Kwa hiyo twawausia vijana wetu hivi. Kwanza, mkataba usomwe kabla ya kutiwa sahihi, na kazi ya miezi 3 au zaidi yapaswa kuwa na mkataba wa maandishi. Pili, njia ya kwenda kazini ijulikane mapema: kijana apande matatu siku moja kabla, saa ile ile atakayosafiri, ajue msongamano ulivyo. Tatu, asione haya kuuliza. Aliyeuliza katika juma la kwanza husamehewa. Aulizaye jambo lile lile baada ya miezi mitano hushangaza watu. Awasalimu wote, hata mfagiaji na askari wa mlangoni, kwani hao huzijua desturi za mahali pale kuliko wengi. Nne, akikosea, na amwendee mkubwa wake mwenyewe kabla kosa halijagunduliwa na mwingine.

Hayo ni ya vijana. Sasa twaomba ruhusa ya wazee tuseme yaliyo yetu sisi.

Kijana mmoja wetu alikuwa katika mwezi wa pili wa kazi yake mjomba wake alipofariki. Tulimpigia simu mara tatu kwa siku moja. Tulimwambia, "Ni mtoto gani asiyemzika mjomba wake?" Akaondoka Alhamisi bila ya kuaga, akarudi Jumanne, akakuta barua ya kuachishwa kazi ikimngoja. Kutokuwapo kazini bila ya ruhusa ni kosa ambalo sheria yaruhusu mtu kufukuzwa mara moja. Wengi walimlaumu kijana. Lakini waliopiga simu ni sisi, na hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza kama ameomba ruhusa.

Tena kuna mshahara wa kwanza. Sheria haimruhusu mwajiri kukata zaidi ya theluthi mbili za mshahara wa mtu. Lakini sisi jamaa hatuna sheria ya kutuzuia. Karo, mabati, madeni ya zamani, vyote twavipeleka kwa kijana asiyemaliza hata mwezi. Naye kwa heshima hutoa, kisha hukosa nauli, hutembea kwa miguu, na hufika kazini amechelewa na ana njaa. Hivyo twaukata mche tuliouotesha wenyewe.

Basi twaleta mashauri matatu mbele ya mkutano huu. La kwanza, kijana aanzaye kazi asitozwe mchango wowote wa chama kwa miezi 6, isipokuwa kiingilio. La pili, atakayempigia simu ya msiba aanze na swali hili: "Umeomba ruhusa?" Na katibu awe tayari kuandika barua yenye muhuri wa chama, kijana amwonyeshe mwajiri wake. La tatu, kila mgeni wa mjini apewe mwanachama mmoja aliye mzoefu, wa kumwongoza na kumkopesha nauli mpaka mwisho wa mwezi.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kazini jembe hutolewa siku ya kwanza, wala hakuna siku mbili za ugeni. Ugeni huo na aupate kwetu. Tumpe miezi michache ya kusimama, naye akiisha kusimama hatatusahau.