Chungu Hakitaki Haraka
(Mazungumzo ya kikundi yaliyosomwa siku ya kutimiza miaka kumi)



Kamati ilipokaa kupanga siku hii, wengi walitaka isomwe risala ya hesabu: tulianza na nini, sasa tuna nini. Hesabu zipo. Mweka hazina amezibandika ukutani, na kila mwenye macho akazisome, maana fedha ni za wote. Sisi tumeomba nafasi hii tuwazungumzie watu waliokuwa nasi tangu kikao cha kwanza, ambao tuliwakosea kabla ya kuwaelewa. Hao ni mafundi wa kazi za mikono wa hapa kwetu Lushoto.

Mgeni akitoka Mombo akapanda barabara yetu ya kona, akapita Soni mpaka akafika mjini, kitu cha kwanza anachokiona ni mboga. Kabichi, karoti, viazi, nyanya. Malori yanapakia kwenda Tanga na Dar es Salaam. Ndiyo sifa yetu, nasi hatuikatai. Lakini hebu tuulizane. Nyanya zile zimekaa ndani ya nini? Zimekaa ndani ya tenga. Tenga hilo kalisuka nani? Jembe lililolima shamba lina mpini; mpini huo kauchonga nani? Na makande yanayochemka nyumbani kwa mwenye shamba, yamo ndani ya nini? Kazi ya fundi iko chini ya kila kitu tunachojivunia, lakini jina lake halitajwi sokoni.

Leo tutaanza na mfinyanzi, kwa sababu yeye ndiye aliyetufundisha.

Katika sisi Wasambaa ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mama humfundisha binti, na binti humfundisha wa kwake. Hakuna gurudumu wala mashine, ni mikono mitupu. Tulio wengi tumekua tukiona vyungu, lakini jamani, tusidanganyane, wangapi tuliwahi kukaa tukatazama kimoja kikizaliwa?

Kwanza udongo unachimbwa, na si kila udongo unafaa. Unabebwa kichwani mpaka nyumbani. Unaponda, unatoa mawe na mizizi, unaloweka, unakanda kwa mikono na miguu. Unauchanganya na mchanga, au na vigae vya vyungu vya zamani vilivyosagwa, ili usipasuke kwenye moto. Ndipo mama anakaa na bonge lake, analitoboa katikati na kuupandisha ukuta kwa vidole, kidogo kidogo, huku akizunguka. Ndani analainisha kwa kipande cha kibuyu, nje kwa gunzi la mahindi. Anakiacha kishike nguvu. Halafu anakigeuza, anakwangua kitako, anakisugua kwa kokoto laini ya mtoni mpaka king'ae. Mtu akipita hapo atasema, loo, chungu tayari!

Bado. Hapo ndipo kazi ya kungoja inapoanza.

Chungu lazima kikauke, tena kivulini, polepole, mpaka ndani ya ukuta wake. Kikiwekwa juani mapema, upande mmoja unakauka mbele ya mwingine na ufa unaingia. Na kikipelekwa motoni kabla hakijakauka, maji yaliyobaki ndani ya udongo yanageuka mvuke. Mvuke hauna pa kutokea. Chungu kinapasuka, paa! na kikipasuka kimoja kinaweza kumuumiza na jirani yake. Sasa kumbukeni tunakaa wapi. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Masika ya Machi mpaka Mei nguo tu hazikauki, sembuse udongo. Yakiisha masika inakuja baridi ya Juni na Julai na ukungu wake. Mfinyanzi wa mlimani anafanya kazi na mawingu, na mawingu hayapokei barua ya kamati.

Sasa tuseme kosa letu.

Tulipoanza kikundi, wengi wetu tulikuwa wauza mboga. Kanuni tukazitunga sisi, kwa mfano wetu sisi. Tukaandika: kila mwenye mkopo ataanza kurejesha wiki ya kwanza, na atakayechelewa atalipa faini. Kwa mama wa mboga hakuna ubaya. Ananunua alfajiri, anauza mchana, jioni ana chochote mkononi. Tukaona kanuni ni ya haki kwa kuwa ni moja kwa watu wote.

Mwaka wa pili mwenzetu mmoja, mfinyanzi, alikopa ili anunue kuni na kuwalipa vijana wa kumbebea udongo. Mvua za masika zikaja kubwa. Wiki ya kwanza hakuleta kitu, faini. Wiki ya pili hakuleta, faini juu ya faini. Wiki ya tatu tukaenda kwake, watu sita, tumevaa kanga zetu za sare. Tukamkuta amevipanga vyungu ndani, safu mbili, karibu na mafiga ili vipate joto. Akatukaribisha, tukakataa kukaa. Akatuonyesha kwa mkono, akasema, “Dada zangu, hela zenu zile pale. Bado zinakauka.”

Tulicheka. Tulidhani ni maneno ya mdaiwa. Tukampa mpaka Jumamosi.

Ijumaa akachoma. Baadhi yetu tulikuwa njiani kutoka sokoni, tukasikia kutoka bondeni, paa, kimya, paa, paa. Jumamosi akaja kikaoni na vyungu vinne, akaviweka katikati yetu. Havikutosha deni. Tukachukua na mbuzi wake. Katika daftari katibu akaandika, “Amemaliza deni.” Ukurasa huo upo mpaka leo. Hauna mahali palipoandikwa kwamba vyungu vingine vyote vilipasuka kwa sababu yetu.

Hakurudi tena kikaoni. Kwa zaidi ya mwaka akitupita njiani alitusalimia vizuri, na salamu zile zilituuma kuliko matusi. Mwisho mwenyekiti na wenzake wawili walikwenda kwake, safari hii wakakaa. Walikaa kutwa nzima wakimtazama akifanya kazi. Walipomwomba radhi akawaambia, “Mimi sikukataa kulipa. Nilikataa kuharakishwa, nanyi hamkunisikia.”

Kutoka siku ile kikundi kimebadilika, nasi tungependa wafuasi wetu mjue kilichobadilika ni kipi.

La kwanza, marejesho sasa yanafuata kazi ya mtu. Muuza mboga analipa kila wiki. Msusi wa matenga anaanza kulipa msimu wa nyanya unapofunguka. Mfinyanzi anaanza baada ya kuchoma na kwenda soko moja. Wakati wa masika analeta hisa yake na mchango wa mfuko wa jamii tu. Wapo waliosema tutafilisika. Sanduku lile pale, na kufuli zake tatu, na walioshika funguo wanajua kama ni jepesi.

La pili, tulijifunza kuhesabu siku. Tulimwuliza fundi, chungu hiki kimekugharimu nini? Akajibu kuni tu, kwa sababu kuni ndizo alizozitolea fedha. Udongo wa bure, mikono ya bure! Basi tukakaa naye tukaandika: siku za kuchimba na kubeba, siku za kuponda na kukanda, siku za kufinyanga, siku ya kuchoma, siku ya soko. Tukaweka na vile vinavyopasuka, maana navyo vimeliwa na kazi. Tukalinganisha na ujira wa kibarua wa shambani kwa siku hizo hizo. Mama akainama. Kumbe miaka yote alikuwa anauza vyungu kwa bei ya kuni! Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Tulidhani ni methali ya kuchekesha. Ile ni hesabu, tena hesabu ya mtu asiyejilipa mwenyewe.

La tatu, mkopo mdogo wa dharura. Wachuuzi wanajua kalenda kuliko walimu. Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa wanapanda mlima, wanafika jioni, wanasema, “Mama, nipe vyote kwa bei hii, au baki navyo.” Naye mtoto hana daftari wala viatu. Sasa mama akitaka viatu anakuja kwetu, vyungu anavibakiza mpaka soko zuri. Kuweka akiba tulidhani ni kukusanya fedha. Kwa fundi, akiba ni uwezo wa kumwambia mnunuzi, “Kesho.”

Hatutaki kuwadanganya wageni wetu kwamba mambo yote yamenyooka. Ndoo ya plastiki ni nyepesi na ikianguka haivunjiki. Sufuria inachemka upesi. Hata sisi tunazo, tena nyingi. Mabinti wanatutazama mikono yenye udongo, wanasema, “Mama, mimi nataka kazi ya kukaa ofisini.” Hatuwalaumu. Ukimwonyesha mtoto kazi isiyolipa, usimshangae akiikimbia.

Lakini kila chombo kina mahali pake. Mtungi unapoza maji bila umeme: maji kidogo yanapenya kwenye udongo, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto. Ndoo haiwezi hilo. Chungu cha maharage ukikiepua kinaendelea kutokota, na kinakaa na joto mpaka baba arudi. Na fundi mwenye akili habaki na umbo moja. Kule Kenya miaka ya 1980 lilianza kuenea jiko la mkaa lenye bati nje na udongo uliochomwa ndani, wazo lililochukuliwa kutoka majiko ya Thailand. Kazi ya fundi bati na kazi ya mfinyanzi zilikutana katika kitu kimoja, mkaa ukapungua matumizi, na siku hizi majiko ya aina hiyo yamo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki. Udongo haukushindwa na bati. Ulikaa ndani yake.

Basi tuna maombi matatu, si marefu.

Kwako mgeni rasmi. Sheria ya mwaka 2018 ilizitaka halmashauri kutenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka 2024. Tunashukuru. Tunachoomba ni kwamba, mnapopanga tarehe za kurejesha, mmwulize na fundi kazi yake inakauka lini. Kosa letu lilivunja vyungu vya mama mmoja. Kosa la ofisi linaweza kuvunja vya wilaya nzima.

Kwenu wafuasi na majirani. Mkinunua kapu, tenga au chungu, msianze na “punguza.” Anzeni na “umekifanya kwa siku ngapi?” Mkishajibiwa, punguzeni kama roho inawaruhusu.

Kwetu wanachama. Tusitunge tena kanuni kwa kujitazama kwenye kioo. Mwenzako asipoleta marejesho, kabla ya kuandika faini nenda ukakae kwake.

Tunamalizia. Mama yule yupo hapa leo. Alirudi kikundini mwaka wa nne. Mbuzi tulimrudishia, tena jike mwenye mimba, akacheka akasema, “Haya, hiyo sasa ndiyo riba.” Tulipomwambia tunataka kumpa zawadi siku ya leo alikataa, na jina lake akakataza lisitajwe. Alisema kama kuna kitu tunataka kumpa, tuusome ukurasa ule mbele ya watu. Ndio tumeusoma. Na chini ya maneno “Amemaliza deni,” asubuhi hii katibu ameongeza, “Deni lilibaki kwetu.”

Chakula ni tayari. Makande yamepikwa kwenye vyungu vyake na vya binti yake, na maji ya kunywa yamo mitungini. Karibuni sana, ila tunawaomba mnaopakua, msigonge vyungu kwa upawa.