Jicho na Kazi Yetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kisumu)



Jicho si kubwa, upana wake wapata milimita 24 tu, lakini ndilo linalotulisha. Mbele lina kioo chembamba kisichofika milimita moja. Nyuma yake ni mboni, tundu la kupitishia nuru. Mvuvi wa omena akiingia ziwani usiku, mboni hupanuka. Jua likitoka hunywea. Kisha lenzi huikusanya nuru juu ya utando wa nyuma, na mshipa wa fahamu huipeleka habari kwenye ubongo.

Sasa, ninyi mnaochomelea vyuma: moto ule wa umeme una miale isiyoonekana, nayo huunguza kioo cha mbele. Mchana huhisi kitu. Usiku macho huwa kama yametiwa mchanga. Kioo hicho kwa kawaida hupona siku mbili tatu. Utando wa nyuma ukiharibika, mara nyingi haurudi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Dai kinyago chako, ukipewa, kivae. Asiyepewa na amwone katibu, wala asije peke yake. Macho hayauzwi dukani.